Re: Nikipuliza filimbi nitalindwa?

Mkuu, umeuliza kama utalindwa ukimtaja karani anayechezea mizani ya viazi hapo Uyole. Sheria ipo, ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, ila inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, si anayeirusha kwenye grupu la WhatsApp. Filimbi ya mlinzi wetu Mbalizi, ile ya bati yenye kokwa ndani, inaamsha mtaa mzima, na mwizi naye anajua nani kapuliza. Yako isisikike hivyo. Suala la mizani lipeleke kwa Wakala wa Vipimo. Ukinusa rushwa, piga 113 TAKUKURU, bure. Kabla ya hapo pima gunia kwingine, andika tarehe na kilo za mizani zote mbili. Stakabadhi usitupe, hata zilizoloa.