Muulize Ami: Nilikuwa na karata nzuri, mbona nimeliwa?

SWALI: Shikamoo Ami. Sisi vijana wanne hapa Wete tunacheza poka ya holdemu ya kikomo kwenye simu, kwa pointi za bure tu: kila mtu ana karata mbili mkononi, mezani hufunguliwa tatu, kisha ya nne na ya tano za wote, na kila hatua kuna raundi ya madau. Juzi nilipata wazungu wa nne (K) wawili. Mezani zikafunguliwa mzungu wa nne wa kopa, seti (7) ya kopa na mbili ya pau, nikawa nao watatu. Nikanyamaza, nikawa nafuata tu madau ya wenzangu wasije wakanishtukia, nia yangu nipandishe mwishoni. Karata ya mwisho ikaja kopa, mwenzangu akaonyesha kopa tano, akazoa zote. Nilikosea wapi?
Msomaji, Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Madhali ni pointi za bure, nakujibu kwa moyo mkunjufu. Ikiingia fedha ni kamari, hapo acheni.

Akili uliyotumia ni ya ule mchezo wetu wa karata, wahedi wa sitini. Sisi tunaocheza barazani Jaws Corner, Mji Mkongwe, mwenye rea (A) ya turufu huikalia kwa sababu anaiwinda seti ya turufu, yenye pointi 10. Akiitoa mapema ataambulia vijikarata. Kuficha kule kuna faida yake.

Lakini poka ya kikomo dau lake limepimwa. Tuseme raundi mbili za mwanzo ni pointi 10, mbili za mwisho ni 20, na kwa kawaida kila raundi ni dau moja na nyongeza tatu, basi. Raundi uliyoiacha ipite bila kupandisha huwezi kuifidia mwishoni kwa dau moja la kishindo, maana dau hilo halipo.

Mtazame mwenzako. Ana kopa mbili mkononi, mbili ziko mezani, anaiomba ya tano. Zimebaki 9. Ikishafunguliwa karata ya nne ya mezani, ambazo yeye hajaziona ni 46, na 37 kati ya hizo hazimfai kitu. Kila akipata mara moja, hukosa kama mara nne. Pointi 20 hazitamkimbiza, na wala usitake akimbie! Taka alipe, tena alipe maradufu, kabla hajaiona karata yenyewe. Na aliyeshika seti moja tu, akaipata jozi yake mezani, naye angekulipa vilevile, kwani dau dogo halimtishi mtu. Wenzako walipoweka 10, ungeifanya 20 palepale.

Kopa ya mwisho ingekuja hata ungecheza sawasawa, hiyo isikuumize. Ilipokuja, palikuwa si pahala pa kupandisha tena. Lakini usitupe karata zako pia: lipa dau moja uone, kwani katikati mmeshakusanya nyingi na huenda mtu anakutisha tu.

Kunyamaza kuna wakati wake, ila ni nadra. Ukipata nne za aina moja, wenzako karibu hawana kitu, waache kwanza nao wapate cha kujivunia.

Siku nyingine wakikujia wazungu wa nne wawili, pandisha kabla hata zile tatu za mezani hazijafunguliwa. Wakati huo kinachowazidi ni rea mbili tu.