Paka wa kituoni hashibi? Mpe ratiba kwanza

Kama umechukua paka kutoka kituo cha kulelea wanyama jiandae kisaikolojia, yani hujawahi kuona kiumbe anapenda msosi namna ile. Wangu anaitwa Mangi, tulimtoa kituo kimoja upande wa Usa River, saivi tunaishi naye hapa Sakina, Arusha, na huyu bwana mlango wa friji ukifunguka tu keshafika hata kama alikuwa amelala juu ya dari. Anakula chake, anaramba bakuli, anaramba na sakafu palipokuwa na bakuli, alafu anakaa mbele yako anakutolea macho kama baba mwenye nyumba tarehe za kodi.

Sasa watu wengi wakiona hivo wanaongeza. Analia wanaongeza, analia tena wanaongeza, mwisho paka anatapika kwenye zulia wanasema chakula kilikuwa kibovu. Mi kwa nilivyoona kwa Mangi, paka aliyepitia jalalani au aliyekula sinia moja na wenzie wengi, kichwani kwake chakula ni bahati, leo kipo kesho hakipo, kwahiyo akikiona anabugia chote kabla hajaja mwingine, na ukimjazia bakuli unazidi kumfundisha kubugia. Kinachomtuliza ni kujua kwamba saa fulani chakula kinakuja, na kesho saa hiyohiyo kinakuja tena.

Kwahiyo panga saa na usizichezee. Sisi tunampa saa 12 na nusu asubuhi, saa 11 jioni, na kidogo saa 4 usiku kabla ya kulala, kila mlo mdogo. Tumbo la paka ni dogo, porini anakula panya mmoja hapa mmoja pale siku nzima, hajaumbwa kupiga mlo mmoja mkubwa kama simba. Hako ka mlo ka usiku usikadharau, ndo kanakokuokoa na kelele za saa 10 alfajiri. Na akikuamsha hiyo saa 10 usiinuke jamani, hata kama anakukanyaga usoni, ukimpa siku moja tu ili anyamaze umeshamwonyesha kwamba kulia kunalipa. Hata asubuhi ukiamka usikimbilie bakuli lake, oga, bandika chai, ndo umpe, ili asizoee kwamba macho yako yakifunguka tu chakula kinakuja.

Wa kubugia kabisa mwekee chakula kwenye sahani pana, kitandaze, au weka jiwe safi kubwa katikati (kubwa ambalo hawezi kumeza eti) ili alizunguke. Kama una paka wawili kila mmoja ale chumba chake, paka akiona mwenzie karibu anameza bila kutafuna.

Ila kabla hujasema ni tabia, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Paka mwenye minyoo anakula sana alafu mwili hauonekani, tumbo limevimba mgongo mifupa mitupu, hapo ratiba peke yake haisaidii kitu, anahitaji dawa ya minyoo. Na paka mzee akianza kula kuliko zamani huku anakonda inaweza kuwa kisukari au tezi ya shingoni, usichekelee kwamba ana afya.

Haya, anakula nini. Huku kwetu paka wengi wanaishi kwa ugali na mchuzi wa dagaa na hawafi, sawa, ila paka ni mla nyama hasa, mwili wake unahitaji kitu kinaitwa taurini ambacho kwenye ugali hakipo, na akikikosa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unachoka. Kwa sababu hiyohiyo usimgeuze kwenye chakula cha mbwa kisa ni cha bei nafuu. Mi msingi wake ni chakula kikavu cha paka, ni gharama kwakweli, kwahiyo naongezea vya sokoni: mioyo ya kuku na firigisi kutoka soko la Kilombero hapa mjini, nachemsha bila chumvi, na yale maji namwagia humohumo manake taurini nyingine inatoka kwenye nyama inabaki kwenye maji. Maini kidogo tu, yakizidi vitamini A inamdhuru. Dagaa wa Mwanza oshea mchanga, wale wa baharini wanachemshwa na chumvi hivyo loweka umwage maji. Mifupa iliyopikwa hapana, inapasuka inakuwa na ncha. Maziwa ndo usiseme, paka wengi wakubwa yanawaharisha, maji safi yanatosha.

Paka mzima wa kilo 4 anahitaji kama kalori 200 mpaka 250 kwa siku, na akishahasiwa mahitaji yanashuka huku hamu ya kula inapanda, ndo maana paka wengi wa vituoni wananenepa wakifika majumbani. Tafuta kikombe kimoja cha kupimia, nyumba nzima mtumie hichohicho, na mwandike ukutani nani kampa, maana huyu mnyama atakula kwa mama, aende kwa baba kulia kwamba hajala.

Wakubwa nao ni somo lingine. Pasaka tulienda naye Kibosho, Bibi akamwona analia jikoni akachota mtori. Nikamwambia, "Bibi naomba usimpe, una kitunguu." Akaniangalia. "Mjukuu wangu, paka wa hapa kihambani wamekula mtori babu yako akiwa hai." Nikamweleza kwamba kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya paka polepole, akasema mh, lakini kesho yake alikuwa anatenga kipande cha nyama kabla hajaweka kitunguu na kumwita kwa jina. Ukibishana na mkubwa hutoboi, mpe kazi ya kulisha.

Na ukisafiri Desemba kwenda nyumbani ukamwacha paka, usimmwagie chakula cha siku zote kwenye beseni ukafunga mlango, wa kituoni atamaliza siku ya kwanza alafu zilizobaki anakaa njaa, na paka kukaa siku mbili tatu bila kula ni hatari, ini linaweza kuharibika hasa akiwa mnene. Mwombe jirani apite kwa saa zilezile, mwachie ufunguo na kile kikombe, na umwambie mapema kwamba huyo paka atalia kama hajala tangu juzi, asimwongezee.