Mkate wa muhogo hauumuki, kosa liko wapi?

SWALI: Naoka mikate na skonzi hapa Mkuranga. Bei ya ngano imenishinda, nikaanza kuchanganya na unga wa makopa, yaani muhogo mkavu, ninaonunua sokoni, nusu kwa nusu. Mkate unatoka mzito kama tofali, unapasuka juu, na unanuka uchachu hata ukiwa wa moto. Hamira ni ileile ya siku zote. Nibadilishe hamira?

JIBU: Dada yangu, hamira yako iache. Shida ni kipimo, na zaidi ya kipimo, ni unga wenyewe.

Kinachoumua mkate ni gluteni ya ngano, ule mnato unaovutika ukikanda na kushika hewa ya hamira isitoroke. Muhogo hauna gluteni hata chembe. Anza na asilimia 10, yaani kilo 1 ya muhogo kwa kilo 9 za ngano. Kiwango hichohicho ndicho Nigeria waliwataka wasagaji wao wachanganye enzi za Rais Obasanjo. Mkono ukizoea panda hadi 20. Juu ya hapo utakuwa unauza kitu kingine, si mkate.

Sasa unga. Makopa ni vipande vinene vinavyoanikwa siku kadhaa. Nje vinakauka, ndani vinachacha na kuota ukungu. Kwenye ugali uchachu huo una wapenzi wake, nami ni mmoja wao. Kwenye skonzi, hapana. Unga wa mkate hutoka kwenye muhogo usiochacha kabisa, kwa hiyo saa inaanza kuhesabiwa pale jembe linapong'oa shina.

Ng'oa alfajiri, muhogo mtamu wa miezi 10 hadi 12. Ukikata ukaona michirizi ya bluu-nyeusi, umelala. Ukiona madoa ya kahawia yaliyokauka kama gamba, ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Yote miwili itautia unga madoa, itupe pembeni. Menya, osha kwa maji safi, kisha ukwangue kwa mashine mpaka uwe rojo. Usiruke hatua hii ukakatakata tu. Muhogo una kemikali inayotoa sumu ya sayanidi, na ni kule kusagika ndiko kunakoikutanisha na kimeng'enya cha muhogo wenyewe kinachoivunja. Sumu ikatoka na maji na hewa. Kiwango cha juu kinachokubalika kwenye unga ni miligramu 10 kwa kilo. Muhogo mchungu usiutumie kwa kazi hii.

Rojo litie kwenye mfuko safi wa sandarusi, ulikamue palepale. Si lazima ununue mashine ya kukamulia: fremu ya mbao ngumu na jeki ya gari vinatosha. Kamua mpaka donge likivunjwa lipukutike kama chicha ya nazi iliyokamuliwa vizuri. Likiwa bado linashikana mkononi, litachachia kwenye kichanja.

Lipukuchue, utandaze tabaka jembamba juu ya turubai safi kwenye kichanja, si chini ambako kuku wanapita. Jua kali la siku moja linatosha. Wingu likitanda kutwa nzima, afadhali usingeng'oa. Chukua punje ukaziminye kwa kidole: zikivunjika kwa mlio, unyevu umeshuka kwenye asilimia 12 au chini yake, saga na uchekeche kwa chekeche laini. Unga mzuri ni mweupe na hauna harufu yoyote. Ukinusa uchachu, peleka kwenye ugali.

Wakati wa kukanda, maji yatie kidogo kidogo ukisikiliza donge, usifuate kipimo chako cha zamani.

Kabla ya kuiaga ngano, piga hesabu. Kilo 4 hadi 5 za muhogo mbichi hutoa kilo 1 ya unga. Jaribu kwanza na kilo 50. Ukipata chini ya kilo 10, tazama maganda, huenda wamenyaji wako wanakata manene.