Mtoto Hangojei Giza

Baba watoto wangu ni mvuvi wa dagaa. Dagaa huvutwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, kwa hiyo nyumbani kwetu hapa Sahare, Tanga, pesa inaingia wakati wa giza na kukatika mwezi ukijaa. Mwanangu wa pili alishikwa na kifua mwezi ukiwa umejaa. Alikuwa na miezi saba.

Siku ya kwanza nikamkanda. Ya pili nikasema kesho. Nilikuwa na shilingi 3,000 tu, na kichwani mwangu hospitali maana yake pesa. Siku ya tatu mama mkwe akamfunua kanga, akaona chini ya mbavu panabonyea kila akivuta pumzi. Akaniuliza, "Huyu mtoto wamngojea nani?"

Kituoni nesi hakuuliza pesa. Alimvua fulana, akaweka simu mbele yake, akahesabu pumzi dakika nzima: 64. Akanifundisha hapohapo. Mtoto wa miezi miwili mpaka kumi na moja, zikifika 50 kwa dakika mpeleke. Wa chini ya miezi miwili, 60. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Uhesabu akiwa ametulia, siyo akilia. Kubonyea kwa kifua hakungoji hesabu, ni kukimbia.

Ilikuwa nimonia. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure, na kweli kumuona daktari sikulipa. Lakini dawa moja dirishani ilikuwa imekwisha, nikaandikiwa nikanunue nje. Bajaji nayo haijui sera. Na siku nne sikukaanga vitumbua vyangu vya kuuza. Mwajiriwa sheria inampa siku 84 za uzazi zenye malipo; mimi arobaini ilipoisha tu nilirudi jikoni, na hakuna wa kunilipa nikiuguza.

Kwa hiyo mwenzangu ambaye kipato chako kinapanda na kushuka, usiweke akiba ya "matibabu", neno kubwa hilo, utaona hutaiweza. Weka ya bajaji na dawa ya dukani. Mimi nina kopo: kila siku ya giza 1,000, kabla ya mchele. Bima nayo nilikata giza lilipokuwa zuri. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. (Toto Afya Kadi, bima ya mtoto peke yake, iliyokuwa 50,400, nilikuwa naipigia hesabu, mwaka 2023 wakasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, nikaiacha.) Kadi ya kliniki itie kwenye nailoni, ikae na kopo, usiku usianze kuitafuta.

Na chanjo usiruke. Ile ya wiki ya 6, 10 na 14 ina kinga ya nimonia ndani yake, na hulipi hata senti.

Juzi mwezi umejaa tena. Kopo lina 11,000. Jirani kaja kuazima ya mkaa, nimemnyima, kanuna mpaka leo.