Mama mboga na wilbaro

SWALI: Mwalimu, nauza mboga Nyeri. Mwaka 2022 Rais Uhuru Kenyatta alituambia tumchague Raila Odinga awe rais. Sisi tukafuata wilbaro, alama ya chama cha William Ruto. Je, ukabila umekwisha?

JIBU: Pole pole, mama! Ile hadithi ya Ruto ya "sisi mahasla, wao madainasti" (sisi wachapakazi wa kipato kidogo, wao watoto wa familia za watawala) iliwagusa kweli, ingawa hasla mwenyewe alikuwa Naibu Rais kwa miaka 9 (hapo wanafunzi wangu hucheka). Lakini Mlima, yaani eneo lenu la Mlima Kenya, haukuwa na mgombea wake mwenye nguvu, hivyo ukabila haukupimwa huko. Ngome za Wakalenjin, kabila la Ruto, na za Waluo, kabila la Raila, zilipiga kura kama zamani. Ruto akapata asilimia 50.49, Raila 48.85.

Mimi wanaonisumbua ni wale zaidi ya milioni 7 waliojiandikisha wasiende kituoni. Wilbaro haikuwavuta, wala kabila. Ukimpata mmoja sokoni, muulize kwa nini, kisha uniandikie.