Pakiti zimepotea au zimetupwa?

SWALI: Ninaandika mwongozo wa kiendeshi cha kadi ya mtandao, yaani programu inayoiongoza kadi. Foleni ya kutuma ikijaa, niseme pakiti (vipande vya data) "zimepotea", "zimepotezwa" au "zimetupwa"? Na foleni ina ukubwa au urefu?

JIBU: Tuanze na mashine, sarufi itafuata. Kwenye mfumo endeshi wa Linux, kadi ina pete (orodha ya mzunguko) yenye nafasi chache za pakiti zinazongoja kutoka. Pete ikijaa, kiendeshi husimamisha foleni, na pakiti mpya hulundikana juu yake, ndani ya kerneli, kiini cha mfumo. Huko nako kukijaa, pakiti inayokosa nafasi huondolewa na kuongezwa kwenye hesabu ya zilizotupwa. Mtenda yupo, anajulikana, na alikusudia. Sema "zimetupwa".

"Kupotea" hakumtaji mtenda. Kunamfaa mpokeaji, ambaye huona pengo tu: hajui kama pakiti ilitupwa na kadi, ilitupwa na ruta, au iliharibika njiani. Ndiyo maana mtu anaweza kuandika bila kujipinga kwamba mtumaji ametupa pakiti 40 na mpokeaji anaona 43 zimepotea. "Zimepotezwa" ningeiacha kabisa. Inanukia lawama, kama ya aliyekabidhiwa kitu asikitunze, na foleni iliyojaa haikuzembea. TCP yenyewe, itifaki inayosimamia usafirishaji wa data, hutegemea sana kutupwa huko ili ijue kwamba ipunguze kasi.

Sasa urefu na ukubwa, na hapa si ubishi wa maneno matupu. Urefu ni idadi ya pakiti. Kwa kadi za Etheneti, Linux kwa kawaida huweka 1000. Ukubwa ni baiti. Pakiti 1000 za baiti 1500 kila moja ni baiti milioni 1.5, na kwenye mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, ya mwisho itangoja sekunde 1.2. Zikiwa za baiti 64, foleni yenye urefu uleule huisha kabla ya sekunde 0.1. Basi "ongeza ukubwa wa foleni" ni maelekezo mabovu. Andika "ongeza urefu hadi pakiti 2000", kisha umwonye msomaji kwamba zitakazotupwa huenda zikapungua, ila zitakazochelewa zitaongezeka. (Wengi husherehekea hilo la kwanza bila kupima la pili.)

Na "mapakiti" uliyoyatumia kichwani mwa barua yako hayahitajiki: pakiti imetupwa, pakiti zimetupwa.