Shahada mpya, bajeti ile ile: mkutubi aanzie wapi?

Mara nyingi maktaba hupata habari za shahada mpya wakati seneti ya chuo imeshapitisha na wakaguzi wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wako njiani. Hapo mkutubi hubaki kukimbizana tu. Pigania jambo moja: rasimu ya mtaala isitoke idarani bila fomu ya maktaba. Ukurasa mmoja unatosha, wenye majina ya kozi, vitabu vya msingi, mwaka wa toleo na idadi ya wanafunzi wanaotarajiwa.

Ukiipata, kaa nayo kitabu kwa kitabu, ukitafuta kwa ISBN (namba ya utambulisho ya kitabu) kwenye Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba, au mfumo wowote mlio nao. Kila kitabu kiangukie fungu lake: kipo rafuni, kipo bure mtandaoni, kipo kwa toleo la zamani, au hakipo kabisa. Walimu wengine hunakili orodha za vyuo vya nje, na humo utakuta vitabu visivyochapishwa tena. Warudishie wachague vingine. Toleo la zamani nalo lisikutie hofu kila mahali. Kalkulasi ya mwaka wa kwanza haijabadilika, lakini kitabu cha kodi Tanzania huanza kuchakaa kila Bunge linapopitisha Sheria ya Fedha, yaani kila mwaka.

Nakala ngapi? Piga hesabu, usikisie. Tuseme darasa lina wanafunzi 60, na kitabu kiko kwenye mkopo mfupi wa saa 2, maktaba ikiwa wazi saa 12. Nakala moja huhudumia watu 6 kwa siku, kwa hiyo darasa zima litahitaji siku 10. Nakala 4 huhudumia watu 24, na darasa linamalizika katikati ya siku ya tatu. Kwa kazi ya kuwasilishwa baada ya wiki moja, nakala 4 zinatosha, mradi zisiazimwe kwenda nyumbani na mwalimu asichukue moja "kwa muda" ikalala ofisini kwake muhula mzima. (Hilo la mwalimu ndilo gumu kuliko yote.)

Nunua vya mwaka wa kwanza peke yake, kisha vya mwaka wa pili mwaka unaofuata. Ukinunua vya miaka 3 kwa mpigo, vingine vitakuwa vimepitwa na matoleo mapya kabla hajafika mwanafunzi wa kuvifungua. Kwa chuo cha umma, kumbuka mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na ununuzi hupitia NeST, mfumo wa serikali ya Tanzania wa ununuzi kwa mtandao. Orodha ikichelewa hadi Mei, usitegemee vitabu Oktoba.

Majarida ya kitaaluma ndiyo yanayomaliza fedha, maana hulipiwa kwa dola kila mwaka. Kabla ya kulipia chochote, sajili chuo Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi za kipato cha chini na cha kati majarida bure au kwa bei nafuu: humo mna Hinari ya afya, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Mpango huo umegawa nchi makundi mawili: za kundi A hazilipi. Za kundi B hulipa ada ya mwaka. Yanayobaki, nunueni kwa pamoja kupitia COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, au KLISC, umoja kama huo, kwa walio Kenya. Mambo mawili huharibu: nywila kurushwa kwenye kundi la WhatsApp, na mwanafunzi mmoja kupakua mamia ya makala kwa usiku mmoja. Mchapishaji akiona hivyo hufungia chuo kizima, si huyo mmoja.

Vitabu huria vya OpenStax, mchapishaji wa vitabu vya chuo vya bure mtandaoni, vingi vyake, leseni inaruhusu kuvichapa. Toa nakala 2, zijalidi, weka mkopo mfupi. Intaneti ikikatika wiki ya mitihani utajua kwa nini.

Vitabu vinavyotolewa kama msaada? Omba orodha kabla ya kontena kutumwa. Kitabu cha programu za kompyuta cha 2004 kinataka lebo, msimbopau na nafasi rafuni sawasawa na kipya, na anayelipia kazi hiyo ni wewe.